Walibeba karai langu mafuta yakiwa bado ya moto

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi katika mji ambao sitautaja kwa sababu hao ninaowasema bado wanapita mlangoni kwangu. Napika chapati, maandazi na chai kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, huu ni mwaka wa tisa. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 nilikilipia mapema 2019. Ada ya taka, shilingi 3,000, nalipa kila mwezi, na risiti zote nimezichomeka kwenye msumari ukutani. Nakueleza haya ili ujue mimi si mtu wa kukwepa.

Wiki ya mwisho ya mwezi uliopita jirani yetu alifiwa na mama yake. Watu walilala pale msibani, wengine wametoka mbali na watoto wadogo. Ijumaa usiku kaka wa mfiwa akaja na shilingi 45,000 za unga, sukari na mafuta, akaniomba niwapikie maandazi ya chai ya asubuhi. Nilijua kesho yake ni Jumamosi ya usafi na kwamba biashara hazifunguliwi mpaka saa 4. Lakini Shangazi, nani anamwambia mfiwa asubiri saa 4 ndipo anywe chai?

Saa 1 kasorobo nilikuwa nimeshatoa beseni la kwanza. Pikapu ikasimama mbele ya baraza, wakashuka watano: mgambo wanne na mmoja mwenye shati la kawaida, daftari mkononi, nadhani ndiye bwana afya. Hakusalimia wala hakusema jina lake. Aliuliza tu, "Mwenye moto huu ni nani?" Kabla sijajibu, mgambo mmoja akalipiga teke jiko. Makaa yakamwagika barazani, binti yangu wa miaka 12 aliyekuwa anakata donge akaruka mpaka mlangoni. Mwingine akanivua kanga begani, akaizungusha mikononi, akabeba nayo karai la mafuta likiwa linachemka. Mafuta akayamwaga mtaroni, kama lita tatu hivi, siku ya usafi, halafu karai akalitupa kwenye gari. Wakachukua na chuma cha chapati na viti viwili vya plastiki.

Pembeni ya baraza kulikuwa na viroba vitatu vya taka. Ni kweli vilikuwepo. Gari la taka lilikuwa halijapita wiki tatu. Yule mwenye daftari akasema nina makosa mawili, kufanya biashara saa za usafi na kuweka taka ndani ya mita tano za makazi, shilingi 100,000 kila moja, na kama sina, "utalala ndani mpaka Jumatatu." Nililia, Shangazi. Wazee wakatoka msibani kuja kuniombea. Ikashuka 150,000, ikashuka 80,000, mwisho 50,000 kwa yote mawili. Nikatoa 20,000 mkononi, nyingine 30,000 nikaituma kwa simu kwenye namba aliyonitajia. Jina lililotokea kwenye simu ni la mtu, si la ofisi. Kisha akalaza fomu juu ya boneti, akaniambia saini hapa. Sikuwa na miwani, sikuisoma. Mikono ilikuwa na unga, alama ya dole langu ikabaki kwenye karatasi yao. Risiti niliyopewa ni kipande cha daftari kilichoandikwa "imelipwa 50" na saini isiyosomeka.

Jumatatu nikaenda ofisi ya kata. Nikaambiwa karai lipo, chuma cha chapati hakijulikani kilipo, na nilete shilingi 10,000 ya ulinzi wa mali ndipo nipewe. Mtendaji akaongeza kwamba nikikutwa tena faini itakuwa mara mbili kwa sababu nina rekodi.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hela. Mgambo aliyelipiga teke jiko ni kijana wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alipokuwa darasa la tatu mama yake alilazwa muda mrefu, na yule mtoto alikula kwangu asubuhi na jioni karibu miezi miwili. Siku ile hakuniangalia usoni. Sasa tunapishana bombani kama watu wasiojuana.

Mume wangu anasema nimshukuru Mungu sikulala ndani, yaishe. Mama yangu anataka niende kwa diwani kwa sababu wanajuana tangu zamani. Wenzangu wa kikoba wamepanga Jumamosi ijayo ya usafi tubebe majiko yetu yote tukayapange mlangoni kwa mtendaji. Nifuate lipi? Ile 10,000 niilipe? Na huyu kijana nimfanyeje? Mimi usafi siukatai, Shangazi. Nafagia mpaka mbele ya jirani.

Mama wa Barazani

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza binti. Hukusema kama makaa yalimpata. Kama aliungua hata kidogo na hukumpeleka zahanati, mpeleke leo, na karatasi watakayokupa uitunze pamoja na zile risiti za msumarini. Kama hakuumia, kaa naye umwambie kwamba mama hakuiba kitu cha mtu. Mtoto wa miaka 12 akiona mama yake analia mbele ya pikapu ya halmashauri, anaweza kudhani mama ni mwizi.

Ile 10,000 usiilipe. Usiilipe mpaka uoneshwe imeandikwa wapi na upewe namba ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontroo namba. Nilikaa masijala ya halmashauri moja miaka 19, nikipokea barua na kugonga mihuri, na ninakwambia kwa uhakika kwamba halmashauri haina mfuko wa shati. Fedha yake inaingia kwa ankara yenye namba ya malipo au kwa mashine ya kukusanyia mapato, na wewe unatoka na stakabadhi yenye jina lako, kiasi, tarehe na sababu. Kipande cha daftari si stakabadhi. Namba ya simu yenye jina la mtu si akaunti ya serikali. Inawezekana kabisa kwamba 50,000 yako haikufika halmashauri hata shilingi moja, na kwamba Mkurugenzi hajui kama ulikamatwa.

Sasa tuje kwenye fomu uliyoisaini, kwa sababu hapo ndipo wanawake wengi wanaoniandikia huwa wamekwama bila kujua. Karibu kila sheria ndogo ya halmashauri zetu ina kifungu cha kufifilisha kosa. Maana yake ni hivi: badala ya kupelekwa mahakamani, unakiri kosa kwa maandishi, kwenye fomu maalumu, mbele ya Mkurugenzi au ofisa aliyemwidhinisha, na unakubali kulipa kiasi ambacho sheria ndogo yenyewe imekiwekea ukomo. Ukishalipa, jambo limekwisha. Utaratibu huo si mbaya. Nimeuona ukiwaokoa watu na safari za mahakamani za wiki mbili kwa kosa la kiroba kimoja. Lakini unasimama juu ya neno moja, kukubali, na wewe hukukubali kitu. Uliwekewa karatasi juu ya boneti, huna miwani, mtoto analia, umetishiwa kulala ndani. Halafu ungamo hilohilo ndilo mtendaji analoliita rekodi.

Ulikuwa na haki ya kusema: sisaini, nipelekeni mahakamani. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Sitakudanganya kwamba mahakamani ni rahisi. Ungepoteza siku, labda tatu, na hakimu angeweza kukutoza zaidi ya 50,000. Kuna watu huwa nawashauri walipe na waondoke, hasa kosa likiwa wazi na stakabadhi ikitolewa. Lakini uchaguzi huo ulikuwa wako, na hawakukupa nafasi ya kuchagua. Kuhusu lile la kulala ndani mpaka Jumatatu, aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana kwa kosa dogo kama hili apewe dhamana, na mgambo hana mahabusu yake. Neno lile lilisemwa ili ulie, na ulipolia bei ikaanza kushuka. Faini ya kisheria haijadiliwi kama nyanya sokoni. Ilipotoka 200,000 ikafika 50,000 mbele ya wazee wa msiba, kila aliyekuwa pale alijua kinachoendelea.

Usikasirike na hili ninalotaka kusema sasa, kwa sababu nalisema nikiwa upande wako. Viroba vitatu mbele ya nyumba ni tatizo, na wewe mwenyewe umeandika kwamba vilikuwepo. Wengine mmeshasahau siku hii ya usafi ilikotoka. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, watu wakafa kwa maji na uchafu. Desemba 9 mwaka huo sherehe za Uhuru zikafutwa, taifa zima likaambiwa lishike fagio, na Rais Magufuli mwenyewe akaonekana akiokota taka nje ya Ikulu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikakaa kuwa siku ya usafi tangu hapo. Nilikuwa kazini miaka ile. Nawakumbuka mabwana afya wetu wakizunguka na dawa ya maji nyumba kwa nyumba, wamechoka, wanabembeleza watu wachimbe vyoo. Hawakupiga teke jiko la mtu. Ndiyo maana naumia ninaposoma barua kama yako: kazi nzuri ya wale watu imegeuzwa mtego wa asubuhi.

Na kitambulisho cha mjasiriamali, mwanangu, hakikukingi na sheria ya usafi. Kilitolewa kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka, ili asisumbuliwe na ushuru wa hapa na pale. Usikipeleke kama hoja yako, watakushinda nacho.

Hoja yako iko penye viroba vyenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa jukumu la kushughulikia taka ngumu, na wewe umelipa 3,000 kila mwezi kwa kazi hiyo. Wiki tatu gari halikuja. Kisha mwenye wajibu wa kuzoa anakuja kukutoza kwa sababu hajazoa. Hizo risiti za msumarini ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani. Zitoe, zipange kwa miezi, zipige picha kwa simu, kisha nakala uipeleke. Usimkabidhi mtu yeyote risiti halisi, hata akivaa tai.

Kuhusu maandazi, nenda kaombe kusoma sheria ndogo. Narudia, kusoma, si kusimuliwa. Halmashauri hazitungi sheria hizi kwa mdomo. Zinatungwa chini ya sheria mbili za mwaka 1982, Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji. Wananchi wanatakiwa kutangaziwa watoe maoni, Baraza la Madiwani linapitisha, inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha inachapishwa katika Gazeti la Serikali kwa namba ya tangazo. Muulize mtendaji namba hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa: "Naomba kuona Tangazo la Serikali namba ngapi, kifungu kipi." Ukiipata, angalia mambo matatu. Je, inasema kufanya biashara au inasema hata kupika? Kwa maana chai ya msiba iliyopikwa kwa fedha ya unga na mafuta, bila mteja mmoja barazani, mimi siioni kama biashara, na mfiwa anaweza kuandika barua ya mistari mitatu kusema hivyo. Je, inaruhusu kuchukua vyombo, na kwa utaratibu upi? Anayechukua mali ya mtu kwa jina la sheria anatakiwa kuiorodhesha na kumwachia mwenye mali nakala: karai 1, chuma 1, viti 2. Chuma chako kimepotea kwa sababu hakikuandikwa popote. Na je, inamtaja nani kuwa ofisa mwidhiniwa? Mgambo kazi yake ni kumsaidia huyo ofisa. Ofisa ndiye anayetakiwa kujitambulisha, kukwambia kosa na kuandika.

Inawezekana pia ukakuta kwamba muda wa saa 4 haumo katika sheria ndogo yoyote ya mji wenu, ni amri tu ya kiongozi iliyopita kwenye kipaza sauti. Amri ya namna hiyo tunaitii kwa heshima na kwa faida yetu sote. Kutozwa 100,000 kwayo ni jambo jingine kabisa, maana adhabu lazima iwe imeandikwa katika sheria.

Baada ya hapo andika barua. Hapa ndipo utapona, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu wetu wanapenda kwenda "kuonana na mkubwa". Wanakaa kwenye benchi saa tano, wanaongea dakika tatu, wanapewa pole, wanarudi nyumbani. Maneno hayana faili. Barua ina faili. Nilipokuwa masijala niliona mambo makubwa yakifa kwa sababu yalisemwa kwa mdomo, na madogo yakitembea mpaka mkoani kwa sababu yalikuwa na karatasi yenye muhuri. Andika kwa mkono wako, isizidi ukurasa mmoja, hivi:

"Kwa Mkurugenzi. Yah: Kuchukuliwa vyombo na kutozwa shilingi 50,000 bila stakabadhi. Mimi ni mkazi wa mtaa fulani. Tarehe fulani saa 1 kasorobo asubuhi maofisa watano wenye gari la halmashauri namba fulani walichukua karai 1, chuma cha chapati 1 na viti 2 vya plastiki bila kuniachia orodha. Nililipa 20,000 taslimu na 30,000 kwa simu kwenye namba hii, jina hili. Nakala ya ujumbe wa muamala nimeambatisha. Nilisaini fomu ambayo sikuisoma wala kupewa nakala. Naomba: nakala ya fomu hiyo, stakabadhi ya fedha yangu au irejeshwe, vyombo vyangu, na kifungu cha sheria kilichotumika. Nimeambatisha risiti za ada ya taka za miezi 12. Nakala kwa Diwani na Mwenyekiti wa Mtaa."

Usitukane. Usiandike "mnatuonea". Ukweli wako unatosha. Toa nakala tatu. Ukifika masijala usiiache barua na kuondoka. Subiri wagonge muhuri wa "imepokelewa" na tarehe kwenye nakala yako pia. Karani akikwambia muhuri haupo, kaa. Muhuri upo, mwanangu, huwa uko kwenye droo ya kulia.

Ule ujumbe wa muamala wa 30,000 usiufute, na mwambie mume wako asiufute kwa kudhani anakuepusha na shari. Ndani yake kuna jina, namba, saa na dakika. Hiyo 30,000 iliyokwenda kwa mtu ni habari ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, na simu yao ni 113, bure. Naelewa hofu yako, utaniuliza wakijua ni mimi je? Ndiyo maana barua kwa Mkurugenzi itangulie na nakala zake ziende kwa watu wawili wengine. Mtu aliyeandika waziwazi ni vigumu kumfuata usiku kuliko aliyelalamika pembeni. Kama unataka mtu wa kukushika mkono, ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani kwenu. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanasajiliwa na hawatozi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko ya ofisa wa umma anayetumia vibaya madaraka, lakini anza na Mkurugenzi, kwa sababu watakuuliza kama ulianza huko.

Kwa diwani nenda, ila usiende kama mtoto wa rafiki wa mama. Ukienda kwa kujuana, utatatuliwa kwa kujuana: utarudishiwa karai kimyakimya, na mama wa mtaa wa pili atapigiwa teke jiko lake Jumamosi inayofuata. Mpe nakala ya barua, umwombe aulize kwenye baraza maswali mawili: gari la taka linapita lini mtaa wetu, na faini za siku ya usafi za miezi mitatu iliyopita ziko wapi kwenye hesabu. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka na iko wazi kwa wananchi. Kaeni nyuma msikilize. Diwani anauliza vizuri zaidi akiona aliyemtuma amekaa ukumbini.

Wenzako wa kikoba nawapenda bila hata kuwajua. Hawakukuambia pole tu, wamekuwa tayari kubeba majiko. Lakini majiko mlangoni kwa mtendaji, siku ya usafi, yatawapa wale watu kosa ambalo sasa hawana. Waambie wabebe risiti. Kila mmoja aliyewahi kutozwa bila stakabadhi aandike barua yake, kwa jina lake, na mwende masijala siku moja, saa moja, mkiwa mmevaa vizuri. Nakumbuka asubuhi moja waliingia akina mama saba pamoja, kila mmoja na barua yake ya jambo lilelile. Karani mwenzangu aliacha chai. Kabla ya adhuhuri jambo lao lilikuwa mezani kwa mkubwa, kwa kuwa barua saba zenye mihuri ya siku moja haziwezi kupotea kwenye faili moja.

Na Jumamosi ijayo ya usafi, fagieni. Fagieni mapema kuliko wote, viroba mvisogeze mahali gari linapochukulia, mpige picha mahali palipo safi na saa ionekane. Akija mtu na daftari, uliza jina na kitambulisho kabla ya kitu chochote. Chochote atakachokupa usaini, mwambie binti akuletee miwani kwanza. Acha wasubiri.

Sasa huyu kijana. Nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekufanya uniandikie, fedha zingekuuma kimoyomoyo zikapita. Mgambo wengi wanaochukuliwa kwa kazi hizi ni vijana wa mtaani wanaolipwa posho ya siku, wengine hawana ajira yoyote nyingine. Pale ambapo mkubwa wao anapimwa kwa makusanyo, kijana anajua kwamba asubuhi isiyo na faini inaweza kuwa asubuhi yake ya mwisho kuitwa. Sisemi haya kumtetea. Teke lile lilikuwa la mguu wake, hakuna kifungu kilichomwagiza amwage makaa karibu na mtoto. Lakini hakukuangalia usoni, na mimi nasoma hapo kwamba anajua.

Usimseme kwa mama yake, atafedheheka na mama atafedheheka, mtaa utagawanyika. Usimseme bombani mbele ya watu. Msubiri jioni, mwite kwa jina lile ulilokuwa ukimwita akiwa darasa la tatu. Mwambie hivi tu: "Makaa yale yalimwagika karibu na mdogo wako." Kisha nyamaza. Usimtajie miezi miwili ya chakula, anaikumbuka kuliko wewe, na ukimtajia utakuwa umemdai. Akiomba radhi, pokea. Asipoomba, umekwisha kusema. Kwenye barua yako usimtaje kwa jina, andika "mgambo wanne". Anayepaswa kujibu ni mwenye daftari na aliyemtuma. Inawezekana pia kijana huyo ndiye atakayekuambia chuma chako kilikwenda nyumbani kwa nani.

Mume wako naye msikilize. Amekuona ukilia barabarani na hakuwa na la kufanya, na kwa mwanaume hilo ni zito. Anasema yaishe kwa sababu anaogopa yatakayofuata. Mwombe akusindikize masijala. Asiseme kitu, asimame tu pembeni yako mpaka muhuri ugongwe.

Anza Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijajaa. Niandikie karai likirudi, na uniambie kuhusu binti.

Shangazi yako